Vazi la Kuogelea na Binti wa Pwani

Jioni moja mwezi wa Disemba uliopita, mpwa wangu, binti wa dada yangu, alipita kwangu akiwa na nywele mbichi chini ya mtandio. Aliniamkia, akaketi barazani, akanyamaza. Huyu ni mtu wa maneno, na kimya chake kilinitia wasiwasi, nikamwuliza kulikoni. Akaniambia, "Mjomba, leo nimetolewa majini kama mwizi."

Alikuwa amekwenda na wenzake wa kazini kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini, ambako mwajiri wao aliwalipia siku ya mapumziko, chakula na bwawa la kuogelea. Alivaa lile vazi la kuogelea la wanawake wa Kiislamu: suruali, kanzu fupi ya kufika magotini, na kofia ya kufunika nywele, vyote kwa kitambaa kile kile kinachoshonewa nguo nyingine za kuogelea. Hakutimiza robo saa majini, kijana mlinzi wa bwawa akamwinamia: "Samahani, dada, nguo hiyo hairuhusiwi hapa. Ni sheria ya usafi." Kando ya bwawa walikuwa wamejilaza wageni wa kike ambao nguo zao zote ukizikusanya hazitoshi kushona mfuko wa tambuu. Hao hapana aliyewaambia neno, wala sisemi kwamba wangeambiwa. Nauliza tu ni usafi gani huo unaopimwa kwa urefu wa kitambaa.

Aibu ilimuuma, lakini lililomuuma zaidi ni kwamba alikuwa anajifunza. Mwanamke wa miaka thelathini, mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, ambaye tangu utotoni amelala akisikia mawimbi, hajui kuogelea! Siku ile ilikuwa mara yake ya tatu kujaribu.

Hapo nikakumbuka siku zetu za chuoni. Sisi wavulana tulikuwa tukitoroka baada ya adhuhuri, tukaziacha kanzu juu ya mawe, tukajitosa baharini tukashindana kupiga mbizi. Tukirudi, mwalimu hakuwa na haja ya kutuuliza tulikuwa wapi. Alikuwa akitukwaruza muundi kwa ukucha, na mstari mweupe wa chumvi ukijitokeza, bakora ilifuata. Basi tulijifunza Kurani na kuogelea kwa pamoja, na vyote viwili kwa viboko. Dada zetu walisoma chuo kile kile, na wengi walihitimu kabla yetu, lakini bahari waliijua kwa kuitazama dirishani.

Nalieleza hili kwa sababu bahari yetu si ya kutazamwa tu. Tarehe 29 Aprili 1994, nikiwa kijana, feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi karibu na gati, na watu 272 wakafa. Mwezi wa Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama usiku mbele ya Nungwi ikielekea Pemba, ikachukua roho za mamia, wake kwa waume na watoto wao. Sisemi kwamba kila aliyekufa angepona lau angejua kuogelea. Ajali za namna hiyo zina kiza na msongamano, na kadari ya Mungu haipingwi. Lakini Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, na linahimiza watoto wafundishwe kuogelea. Sisi tulihimizwa zamani zaidi, kwani imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar kwamba watoto wafundishwe kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi. Farasi hatuna na mishale imepitwa na wakati. Maji yako mlangoni. Na ijapokuwa afaye maji huhesabiwa shahidi, hatukuamrishwa kuwaandalia mabinti zetu shahada hiyo.

Sasa turejee kwenye vazi. Mwenye hoteli hudhani kwamba mavazi ya Kizungu ya kuogelea ni kanuni ya maji yenyewe, tangu dunia iumbwe. La hasha! Katika karne ya kumi na tisa mwanamke wa Uingereza alikuwa akivutwa hadi majini ndani ya kibanda cha magurudumu ili asionekane, naye amevaa gauni refu zito, na wengine walishonewa vyuma kwenye pindo ili gauni lisipande juu. Mwaka 1922 mjini Washington, Marekani, polisi alipita ufukweni na utepe akiwapima wanawake, maana nguo haikuruhusiwa kupanda zaidi ya inchi 6 juu ya goti. Bikini ilionyeshwa Paris mwezi wa Julai 1946, ikapewa jina la kisiwa ambako Wamarekani walikuwa wamelipua bomu la atomiki siku chache kabla. Basi vazi ambalo leo tunaambiwa ndilo la kawaida bado lina watu wazima kulishinda umri.

Lile linaloitwa burkini lilibuniwa mwaka 2004 na Aheda Zanetti, mwanamke wa Australia mzaliwa wa Lebanoni, baada ya kumtazama mpwa wake akihangaika na hijabu katika mchezo wa mpira. Mwaka 2016 miji kadhaa ya pwani ya Ufaransa ilipiga vazi hilo marufuku ufukweni, na picha za polisi wakiwa wamemsimamia mwanamke mmoja mjini Nice zikaenea dunia nzima. Tarehe 26 Agosti mwaka ule, mahakama yao kuu ya mambo ya utawala ilisimamisha marufuku ya mji wa Villeneuve-Loubet kwa kuwa ilivunja uhuru wa mtu. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo ilikataa ruhusa ambayo mji wa Grenoble ulitoa kwa mabwawa yake. Haki ya yote, Wafaransa hawabagui sana katika mabwawa: hata mwanamume aliyevaa kaputula pana huambiwa akavae kichupi cha kubana! Hiyo ni nchi yao na ugomvi wao, wautatue wanavyojua.

Ila kuna jambo lililonichekesha. Katika michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 waogeleaji wengi walivaa mavazi ya kubana yaliyofunika mwili toka mabegani mpaka vifundoni, maana yaliwaongezea mbio, na hapana aliyelalamikia usafi. Rekodi zikaanguka kama maembe ya upepo, hata shirikisho la kuogelea duniani likayakataza kuanzia mwaka 2010. Tangu hapo vazi la mwanamume katika mashindano ya bwawani halipandi juu ya kitovu wala halishuki chini ya goti. Kitovu na goti! Mwalimu wetu wa chuoni alikuwa akitutajia mipaka hiyo hiyo, ingawa yeye alikataza kupunguza na wao wamekataza kuzidisha.

Sisi hatuishi chini ya sheria za Nice. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 27, inapokataza ubaguzi inayataja mavazi kwa jina, pamoja na dini na utamaduni, na inamkataza mtu binafsi kama inavyoikataza serikali. Mwenye bwawa ana haki ya kusema kwamba suruali ya jinzi au dera la pamba lisiingie majini. Hilo nitamuunga mkono, kwani nguo ya pamba ikilowa huwa nzito kama jiwe, na dera huzunguka miguu kama wavu, likamhatarisha hata anayejua kuogelea. Aandike basi ni kitambaa gani anachokikataa. Akikubali kitambaa kwenye kiuno cha mgeni akakikataa kwenye mkono wa mwenyeji, hapo pana jambo jingine, si usafi.

Na sisi je? Tumewaambia mabinti stara, stara, nasi hatukuwajengea mahali pa stara. Leo akitokea mmoja aliyelinunua vazi hilo kwa pesa zake, wa kwanza kumcheka ni jirani yake: ati linabana, ati ni uzungu uliovikwa kilemba. Mimi si mufti, na yapo yaliyoshonwa mapana. Mwenye shaka na aulize wanaojua. Lakini mwanamke wa Kiswahili kuingia baharini na nguo zake hakukuletwa na Waaustralia. Bibi zetu walitoka maji kupwa kuchokoa pweza, na akina mama wa mwani wa Kibuyuni mpaka leo hulowa viuno wakiwa na leso zao. Makunduchi, sikukuu ya mwaka mpya huitwa Mwaka Kogwa, yaani mwaka wa kuoga.

Kadhalika tukumbuke kwamba sisi ndio tunaomwomba mgeni ajifunike anapopita katika mitaa yetu, Lamu na Mombasa, na wengi huitika kwa adabu. Ni vigumu kumwomba hivyo barabarani kisha kumfuata mpaka ufukweni kumtolea macho.

Huko Nungwi, mbele ya maji yale yale yaliyoimeza Spice Islander, mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwafunika mwili mzima, na picha zao zikapata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Nilizitazama picha hizo kwa furaha na kwa wivu. Hakuna kilichofanyika pale ambacho Mombasa, Malindi au Lamu hazikiwezi: walimu wa kike, saa mbili au tatu za wanawake peke yao kila wiki, na vazi linalofaa maji. Kaunti zetu zinazojenga mabaraza na bustani za kupunga upepo zingeliweza kulianza hili kwa gharama isiyofika ya sherehe moja ya ufunguzi.

Mpwa wangu hajaisubiri kaunti. Ana mtoto wa kike wa miaka sita, na amekwisha mnunulia vazi lake la kujifunika. Jumamosi hii, maji yakijaa baada ya alfajiri, watakuwa ufukweni kabla ya watu, nami nimepewa kazi ya kusimama kwenye maji ya kiuno nimpokee mtoto anapokuja. Nimekubali, ila nimemwomba dada yangu anitafutie kikoi kisichofunguka ovyo.