Kiswahili Kitoke Kambini, Kiingie Bustanini

Katika nchi yetu ya Uganda Kiswahili kimepewa vyeo vingi. Mwaka 1973 amri ya serikali ya kijeshi ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo, sisi tuingiao madarasani kila asubuhi twajua kwamba cheo si mapenzi. Wazazi wengi walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa askari: simama, lala chini, toa kitambulisho. Lugha iliyoingia nyumbani kwa mlango wa hofu haitapendwa kwa tangazo peke yake.

La kusikitisha ni kwamba baadhi yetu walimu twaiendeleza kazi ile ile ya kambi. Tazameni madaftari ya wanafunzi wetu. Somo la kwanza ni amri: kaa, simama, fungua, nyamaza. Somo la kumi ni amri vile vile, ila zimeongezwa viambishi. Mwanafunzi huhitimu akiwa hodari wa kuamuru na kuamriwa, lakini ukimtaka aeleze umbo la kiti alichokikalia, hupotea. Tumempa lugha yenye mdomo na masikio, hatukuipa macho.

Dawa yake haiko mbali. Juu ya kilima cha Makerere, ndani ya chuo kikuu, limo jumba la sanaa ambalo shule nyingi za Kampala zaweza kulifikia. Chanzo chake ni masomo aliyoyaanzisha Margaret Trowell mwaka 1937 barazani kwa nyumba yake. Katika masomo hayo alilelewa Gregory Maloba kutoka Kenya, ambaye sanamu yake ya Uhuru ya mwaka 1962 ingali imesimama mjini Kampala. Alipita hapo Sam Ntiro, na baada yake Elimo Njau, wote wawili wazaliwa wa Tanganyika. Basi mtu asituambie kwamba sanaa ya Makerere haimhusu mwalimu wa Kiswahili. Watu wa Afrika Mashariki walikutana hapo kwa patasi na kwa rangi miaka mingi kabla ya sisi kuunda chama chetu.

Lakini tufanyeje tukifika? Desturi mbovu ni hii: wanafunzi hupangwa mstari, huambiwa wanyamaze, kisha hunakili vibandiko vilivyo chini ya picha, kwa Kiingereza, mpaka basi lipige honi. Hiyo si ziara, ni imla. Na mwalimu akiulizwa kwa nini hazungumzi Kiswahili, hujibu kwamba Kiswahili hakina maneno ya sanaa ya kisasa. Twapinga kwa nguvu zote. Lugha yenye patasi, tezo, randa na msasa, yenye nakshi, kivuli, mchoro na kinyago, haikukosa maneno. Aliyekosa ni mwalimu asiyefungua kamusi.

Chukueni mfano mmoja tu. Katika maktaba kuu ya chuo hicho imo sanamu ya mti ya majeruhi wa vita, aliyoichonga Francis Nnaggenda katika miaka ya 1980, wakati damu ilipokuwa ikimwagika nchini. Ni mwili uliopungukiwa viungo. Wengi waliopatwa na maafa kama hayo waliamrishwa kwa Kiswahili. Sasa mwacheni mtoto asimame mbele ya mti huo, atazame kimya kwa dakika tano, kisha aseme kwa Kiswahili kile anachokiona: mti umepasuka wapi, kisu kimepita wapi, kipi hakipo. Atakuwa ameitumia kumhurumia mtu lugha iliyotumiwa kumwangusha. Hakuna zoezi la kitabuni liwezalo kufanya hivyo.

Kisha tokeni nje, maana somo halikuisha. Juu ya miti ya kilima hicho hujenga marabu, wale korongo wakubwa wenye vipara ambao Waganda huwaita kalooli, walao mabaki ya jalalani. Kwarara hutembea nyasini akidona. Mwewe huzunguka angani. Hondohondo hupiga kelele mitini. Mwanafunzi wetu aweza kuyataja majina ya wachoraji wa Ulaya, lakini hao wote kwake ni "ndege" tu. Macho hayana pazia, wahenga walisema. Sisi ndio tuliomshushia pazia.

Na uani kwenye maua yupo chozi, ndege mdogo wa mdomo uliopinda, anyonyaye utamu wa ua. Hapa sarufi yenyewe yajifundisha. Chozi amefika, chozi limedondoka. Yule ni kiumbe, lile ni tone la jicho, na kiambishi cha mwanzo ndicho kiwatenganishacho. Mtoto aliyetoka kuitazama sanamu ya majeruhi, kisha akamwona ndege huyo, hatausahau upatanisho huu maisha yake yote. Sisi hupoteza majuma matatu tukiuandika ubaoni.

Wako watakaotujibu kwamba mtihani hauulizi habari za ndege, na kwamba nauli haipo. Kuhusu mtihani, utungaji huulizwa, na insha za wanafunzi wetu ni kavu kwa sababu hawajapata kutazama kitu wakakieleza. Kuhusu nauli, hakuna shule isiyokuwa na mti mmoja, mjusi ukutani na kinyago au mkeka wa kazi ya mikono kwa jirani. Anayetaka aanzie hapo, na kilimani afike siku fedha zitakapopatikana.

Ndugu walimu, serikali imetoa tangazo. Mapenzi hatuna budi kuyatafuta wenyewe. Muhula ujao kila mmoja wetu na afundishe walau kipindi kimoja ambacho ndani yake hakitoi amri hata moja. Awaulize wanafunzi swali hili tu: Mwaona nini? Kisha anyamaze yeye.