Daftari la Tunzo kwa Harusi ya Nyamira

Mzazi mmoja miongoni mwa wasomaji wetu anamwoza bintiye kwa kijana wa Nyamira, Mwislamu wa huko huko Ugusii, na ametutaka shauri. Kamati ya vijana imekwisha kuandika orodha ya zawadi, kila kitu na bei yake, ikatumwa kwa jamaa wote kwa WhatsApp: friji, runinga, kochi, tangi la maji la lita 1,000. Orodha haikumuudhi. Kilichomkata maini ni kauli ya dada yake mkubwa, mjane, kwamba hatasafiri kwenda harusini kwa kuwa katika orodha ile hakuna anachokiweza.

Tunaanza na huyo mjane, maana mengine yote yana dawa nyepesi. Anas bin Malik amesimulia kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwoa Zaynab binti Jahsh, Ummu Sulaym, mamake Anas, alitengeneza chakula cha tende, samli na maziwa yaliyokaushwa, akakitia chomboni na kumtuma mwanawe akipeleke pamoja na salamu, huku akitanguliza udhuru kuwa ni kitu kichache. Kikapokewa, na watu wakaitwa wakala. Na vyombo alivyokwenda navyo bibi Fatma nyumbani kwa Ali vyatajika kwa vidole: kitambaa cha kujifunika, kiriba cha maji, mto uliojazwa nyasi. Basi orodha inayomfanya khaloo yake bi harusi ajifiche nyumbani ina kasoro, hata ikiwa imepangwa kwa ustadi namna gani.

Hatusemi iondolewe. Orodha ina faida zake, na wasio nayo hupokea birika za chai kumi na mbili na blanketi zisizo idadi. Ingawa, tukisema kweli, blanketi za Nyamira hazizidi. Ile ni nchi ya milima na majani ya chai, na baridi yake ya alfajiri haina mzaha. Kinachozidi ni feni. Kila msafara utokao pwani hubeba feni, na huko hukaa juu ya kabati likavishwa kitambaa. Tunachoshauri ni kwamba bei zifutwe, na vitu vidogo viandikwe mwanzo wa orodha badala ya mwisho: upawa, chujio, kawa, kifumbu, mkeka, msala, doti moja ya leso. Mbuzi ya kukunia nazi nayo iandikwe, kwani nazi haioti Nyamira lakini hufika sokoni, na binti wa pwani akikosa mbuzi ugenini ndipo ajuapo kuwa ameolewa mbali. Na orodha isishikwe na maharusi wenyewe. Ishikwe na mtu mzima mmoja, shangazi au somo, ambaye mtu aweza kumwuliza faraghani, "Nilete nini?", naye akajua wa kumtajia friji na wa kumtajia upawa.

Penye mashaka makubwa zaidi ni ahadi. Katika madhehebu yetu ya Shafi hiba hutimia kwa kukabidhiwa. Kabla ya hapo ni maneno mema tu. Kwa hivyo daftari liwe na safu mbili, kilichoahidiwa na kilichopokewa, na mkono wa mwandishi usizichanganye. Tumeona familia zikikopa hema, viti na ng'ombe wa walima kwa kutegemea majina yaliyojiandikisha katika kundi, kisha arusi ikapita na deni likabaki mlangoni kwa baba. Ukope kwa safu ya pili pekee, au usikope. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 michango mingi hupita simuni, na ndiko inakopotea: fedha ziingie kwenye laini moja isiyotumiwa kwa matumizi ya nyumbani, na kila jioni mwenye laini anakili jina, kiasi na namba ya muamala kabla ujumbe haujafutika. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapakuwa na simu zama hizo.

Mahari yaandikwe katika ukurasa wake peke yake. Wagusii wana ng'ombe wao, chiombe, wapelekwao kwa baba wa binti, na hilo si jambo la kudharauliwa. Philip Mayer, aliyechapisha utafiti wake juu ya mahari ya Wagusii mwaka 1950, alieleza jinsi ng'ombe walioingia kwa kuolewa binti walivyotumika kumwolea ndugu yake, hata ndugu huyo akawa na deni la heshima kwa dada yake. Wakwe wakileta ng'ombe, wapokewe kwa adabu na waandikwe kuwa ni hiba kwa baba. Ama mahari ni haki ya bi harusi mwenyewe, kama ilivyo katika Sura ya Nisaa, na ng'ombe wa baba hawaifuti wala hawaipunguzi. Tunzo nazo ziandikwe ni za nani: za mke, za mume, au za wote wawili. Sheria ya Kenya ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inamruhusu Mwislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo hayo, lakini hakuna kadhi awezaye kusoma kisichoandikwa.

Siku ya kupeleka vyombo isiwe Jumamosi. Majirani na jamaa wengi wa bwana harusi ni Wasabato, na siku hiyo wako kanisani, wataona wametengwa. (Kwa upande wa jikoni wapishi wetu wastarehe, kwani nguruwe nao hawamli.) Msemaji wa kipaza sauti aombwe mapema ataje majina ya waletao bila ya kutaja vitu wala kiasi.

Vyombo vya udongo na kioo vifungwe kwa leso, moja moja, na daftari lipande gari moja na vyombo. Kuku watakaoletwa hai, nao watakuwa wengi, waandikwe kisha wapewe jirani mwenye banda usiku ule ule. Na mjane yule apewe nauli, kimya kimya, kabla ya Ijumaa.