Chaza wa Tendaguru na Jamaa Zao wa Kutch

Jiwe lenye umbo la chaza likionekana juu ya kilima, mbali na maji, jawabu huwa jepesi mdomoni: zamani bahari ilifika hapa. Jawabu hilo ni sahihi, lakini ni nusu. Nusu ya pili, nayo ndiyo yenye ladha, ni kuuliza bahari hiyo ilikuwa ipi, na ng'ambo yake palikuwa na nchi gani.

Tutazame kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi, Tanzania. Wengi wanakijua kwa mifupa ya dinosaria ambayo Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin. Husahaulika kwamba matabaka ya mifupa hiyo yamepishana na matabaka ya mchanga wa bahari, yaliyojaa chaza wenye gamba nene la pembetatu. Mmojawapo huitwa Indotrigonia, na jina lenyewe lafichua siri: jamaa zake hupatikana Kutch, kaskazini magharibi ya Bara Hindi, pwani ile ile iliyotuletea majahazi kwa pepo za kaskazi.

Kutoka Lindi hadi Kutch leo ni zaidi ya kilomita 4,000. Chaza naye si samaki. Makinda yake huelea na mkondo kwa siku au majuma machache, kisha hayana budi kupata mchanga wa kutulia katika maji ya kina kifupi. Vilindi si makao yake. Alivukaje, basi?

Hakuwa na haja ya kuvuka. Yapata miaka milioni 150 iliyopita, Bara Hindi na Madagaska zilikuwa bado karibu na ubavu wa Afrika, na kati yao uliingia mkono wa bahari kutoka kaskazini. Chaza waliifuata mipwani yake. Baadaye Bara Hindi lilisafiri hadi likagongana na Asia na kuinua milima ya Himalaya, likiwa limewabeba chaza wake ndani ya mawe.

Kwetu Mombasa shahidi ni mwingine: amonaiti, jamaa ya pweza na ngisi, mwenye gamba lililojiviringa kama pembe ya kondoo dume. Wataalamu wa Ujerumani waliwaeleza amonaiti wa Mombasa tangu miaka ya 1870, na wapo wanaofanana na wa Kutch. Hata hivyo mimi namwamini chaza zaidi. Gamba la amonaiti lilikuwa na vyumba vya hewa, liliweza kuelea mbali baada ya mwenyewe kufa. Chaza mzito huzikwa karibu na alipoishi.

Jamaa wa mwisho wa ukoo huo walio hai wamebaki katika bahari ya Australia pekee.

Akina mama, watoto wakileta jiwe la namna hii kutoka kwenye machimbo, waulizeni kwanza wameliokota wapi, mkaandike mahali hapo siku ile ile, kisha mwapashe habari watu wa Makumbusho pale Fort Jesus. Jiwe lisilojulikana litokako haliwezi tena kueleza bahari yake.