Kauri Nyeupe, Kunduchi na Kariakoo
Mwenye shauku ya kukusanya kauri nyeupe, apitapo katika maduka ya Kariakoo ambamo sahani na vikombe vya Kichina vimepangwa hadi karibu na dari, hana budi kukumbuka kwamba biashara hii ni kongwe kuliko Dar es Salaam yenyewe. Kwani huko Kunduchi, kaskazini mwa jiji hilo, waungwana wa kale walipachika bakuli za sini katika nguzo za makaburi yao, na mwaka 1955 mwanaakiolojia Mortimer Wheeler, baada ya kuzuru pwani hadi Kilwa, alistaajabia wingi wa vigae vya kauri ya Kichina alivyoviona. Waingereza, ambao vyombo vyao vya mwanzo leo vyatafutwa kwa bei ghali, walikuja nyuma sana: kiwanda cha Bow, London, kilichojiita New Canton katika karne ya 18, kilichanganya majivu ya mifupa na udongo, kikaiga kauri nyeupe ya Dehua, China, hata matawi yake ya maua. Basi, ewe mpenzi wa tunu, usihusudu nakala ukaidharau asili; ila vigae vya magofu uviache mahali pake, maana hivyo ni amana ya umma, nawe chombo chako ukanunue dukani.