Ua Jipya Lisiingie Sebuleni Moja kwa Moja

Vitalu vya maua vilivyo kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, au ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, huuza uzuri ambao macho huumaliza kwa dakika tano. Mnunuzi hutazama majani ya juu, hupatana bei, na jioni hiyohiyo ua limeshapangwa sebuleni katikati ya mengine. Baada ya wiki chache huonekana kitu kama pamba kwenye vikwapa vya majani, au utando mwembamba chini yake, na hapo ndipo mtu hukimbilia duka la pembejeo kuulizia dawa. Nasema dawa hiyo imechelewa, na mara nyingi wala haikuhitajika. Kilichohitajika ni kulitenga ua kwa mwezi mmoja tangu siku ya kununuliwa, hata kama lilionekana safi. Mfugaji wa kuku analijua hili: kuku mgeni hachanganywi na wenyeji siku anayofika.

Mwezi huo una sababu. Kidung'ata, mdudu wa ile pamba, akiwa jike hutaga mamia ya mayai ndani ya kifuko cha nta, na vitoto vyake ni vidogo kiasi cha kujificha kwenye mikunjo ya majani. Aina nyingine hukaa mizizini kabisa, ambako hakuna mnunuzi anayechungulia. Utitiri mwekundu, unaofuma ule utando, ni mdogo kuliko nukta, na joto likikaribia nyuzi 30 yai lake linaweza kuwa utitiri mpevu kwa muda wa wiki moja hivi. Inzi weupe huhitaji kama wiki tatu au nne. Kwa hiyo ukaguzi wa kitaluni huonyesha walioanguliwa tu. Waliomo ndani ya mayai watajitokeza baadaye, na swali ni kama watajitokeza wakiwa peke yao au wakiwa wamezungukwa na mimea yako yote.

Wapo watakaosema: muuzaji ameshapiga dawa, au nitapiga mwenyewe, yaishe. Hayaishi. Nta ya vidung'ata huzuia dawa nyingi zilizochanganywa na maji. Utitiri si mdudu, bali ni jamaa wa buibui, hivyo dawa nyingi za wadudu hazimgusi. Zaidi ya hayo, wanasayansi wameshaandika usugu wake dhidi ya viambato zaidi ya 90. Dawa kali huwaua pia wanyama wadogo wanaomla, naye akabaki anatamba. Na kiuatilifu cha shambani hakikutengenezwa kwa chumba ambamo mtoto anatambaa. Kwa ua moja lililotengwa inatosha kuosha majani kwa maji, hasa upande wa chini, kufuta vidung'ata kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti, na kunyunyizia maji ya sabuni laini baada ya kuijaribu kwenye jani moja. Rudia kila wiki. Sabuni huua kinachoguswa tu, mayai huiponyoka, na anayefanya mara moja akaacha ndiye baadaye husema sabuni haifai kitu.

Pingamizi la nafasi ni zito zaidi, maana wengi wetu tunaishi chumba na sebule. Lakini kutenga hakudai chumba cha pili. Vidung'ata na utitiri husafiri zaidi kwa kutambaa, kwa upepo na kwa mikono yetu, hivyo dirisha la bafuni au kona ya baraza hufaa, mradi majani yasigusane, ua jipya limwagiliwe mwisho, na mikono ioshwe. Panapokuwa na inzi weupe, ambao huruka, funika kwa kitambaa chepesi chenye matundu madogo kuliko ya chandarua.

Kuna pia wanaoona mjadala huu ni anasa: ua la bei ndogo likiharibika, si litupwe? Afrika imeshalipa gharama ya kudharau wadudu wa namna hii. Kidung'ata wa muhogo, mwenye asili ya Amerika Kusini, aligunduliwa Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970 na akaenea katika nchi nyingi zinazolima muhogo. Hakudhibitiwa mpaka nyigu mdogo, Anagyrus lopezi, alipoletwa kutoka Paraguai na kuanza kuachiwa mashambani mwaka 1981. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Kidung'ata wa papai naye ameshafika Kenya na Tanzania, na hali mipapai peke yake: haibiskasi ya mapambo ni chakula chake vilevile. Mipakani wapo wakaguzi wa afya ya mimea, wa KEPHIS nchini Kenya na wa TPHPA nchini Tanzania. Kati ya kitalu na sebule hakuna mkaguzi ila mnunuzi. Basi ua likishindikana, litupwe kweli, lakini lichomwe au lifukiwe, na udongo wake usihamishiwe chungu kingine. Likirushwa nyuma ya uzio, penye mpapai wa jirani, tatizo limehamishiwa kwake.