Mlima Usiopotea Hauvumbuliwi

Vitabu vingi vimefundisha, na walimu wengi wamekariri, kwamba Johannes Rebmann aliuvumbua Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na kwamba Hans Meyer alikishinda kilele chake mwaka 1889. Maneno haya mawili, kuvumbua na kushinda, ni mafupi kwa umbo lakini makosa yake ni marefu. Kitu huvumbuliwa kikiwa kimefichika kwa watu wote, na adui hushindwa akiwa amepigana. Kilimanjaro haukufichika wala haukupigana.

Mtoto wa Mgogoni, kisiwani Pemba, asomapo maneno hayo huweza kudhani kuwa shauri hili halimhusu. Kwao ni nchi ya vilima vifupi, mikarafuu na mabonde ya mpunga, ambapo kilima kirefu hakifiki mita 150. Kibo una mita 5,895. Lakini dhana hiyo hukanushwa na maji. Mto Pangani hukusanya maji ya miteremko ya Kilimanjaro na Meru, ukayamwaga katika bahari ile ile isafiriwayo na majahazi ya Pemba. Kabla ya kufika baharini, maji hayo huzungusha mitambo ya umeme. Na tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme wa gridi ya bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Basi taa ya Mgogoni haikosi deni kwa msitu wa Kilimanjaro.

Kuliko maji, hukanushwa na watu. Rebmann hakuokota njia ya Uchagani mwituni. Aliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili wa pwani aliyezoea misafara ya bara. Tarehe 11 Mei 1848 mgeni alipouona weupe juu ya mlima akauliza ni nini, kiongozi wake alijibu kwa neno moja: baridi. Rebmann mwenyewe aliandika pia habari za mtawala wa Machame wa zamani aliyetuma watu wake kwenda kuuchungua weupe ule, wakaangamizwa na baridi. Tena Wachagga walikuwa wamekwisha kuvipa vilele majina, Kibo na Mawenzi, na kuyaongoza maji ya mlima kwa mifereji mpaka migombani mwao. Mlima uliopewa majina, uliochunguzwa na kulimwa, umevumbuliwa vipi tena?

Watetezi wa msamiati wa kale hujibu kwamba aliyeandika ndiye aliyevumbua, kwa kuwa elimu ni maandishi. Jibu hili lina sura ya hekima, lakini halisimami. Rebmann alipoandika, William Cooley, bingwa wa jiografia huko London, alikanusha kwa miaka mingi kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Mwenye vitabu alikataa kwa kalamu jambo ambalo mwenye msafara alilijua kwa ngozi yake. Tena maandishi yenyewe hayawaungi mkono watetezi hao. Kitabu cha Meyer kinamtaja Mwini Amani wa Pangani, aliyekaa siku nyingi katika kambi ya juu, penye upepo na jalidi, ili Meyer na Ludwig Purtscheller wapande na kurudi salama. Basi jina lake halikukosekana kwa upungufu wa wino. Limerukwa na wasomaji.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Meyer alifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, na hakuna aliyeandikwa kumtangulia. Lakini alikipa kilele jina la Kaiser wa Ujerumani mwaka ule ule ambao Abushiri bin Salim, aliyewahi kumteka mwaka 1888, alinyongwa Pangani kwa kuupinga utawala wa Wajerumani. Jina lile lilikuwa hati ya umiliki. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda alisimamisha mwenge na bendera pale juu, na kilele kikaitwa Uhuru. Jina likabadilika, kitenzi kikabaki utumwani.

Huenda ikasemwa kwamba huu ni ugomvi wa maneno. Sivyo. Mtoto aaminishwaye kuwa mlima ulianza kuwako ulipoonekana na mgeni, hujifunza kuwa macho ya babu zake hayakuona, na kwamba mabega ya wapagazi, wa jana na wa leo, ni vyombo tu vya safari. Mabaharia husema: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Yafaa basi vitabu vya shule viandike kwamba Rebmann aliuona mlima akiongozwa na Bwana Kheri, na kwamba Meyer alipanda kilele huku Mwini Amani akilinda kambi. Sentensi hizo mbili si ndefu, ni za kweli, na zaweza kusomwa Mgogoni bila mtoto kujihesabu mgeni katika historia ya nchi yake.