Muuaji Ni Nani? Tusimuulize Mganga!

Mimi nipo hapa hapa Nansio, rimoti mkononi, karanga kwenye kisahani, na mwezi huu nina jambo linanikereketa kweli kweli. Ni hizi filamu zetu za mauaji na upelelezi.

Kwanza niseme wazi kwamba picha za aina hiyo ndiyo ugonjwa wangu. Baba Neema anataka mpira, Neema anataka katuni, mimi nipe maiti dakika ya tano na askari anayekuna kichwa, nitasahau hata mboga jikoni. Raha yake ni kubahatisha. Ni mume? Ni shamba boy? Ni yule shosti anayelia kuliko wote msibani?

Sasa niambieni ukweli. Ni mara ngapi umekaa vizuri kwenye kochi, umeshaanza kuunganisha mambo kichwani, halafu ikifika Part Two ndugu wa marehemu wanafunga safari kwenda kwa mganga? Mganga anachungulia beseni la maji, sura inatokea hiyooo, kazi imekwisha! Polisi wanaletwa mwishoni kuja kufunga pingu tu. Na aliyeonekana kwenye beseni unamjua tayari. Ni mama mkwe, au shangazi mjane, au bibi wa jirani mwenye kanga iliyochakaa. Jamani, huo ni upelelezi gani?

Anayeishi mbali na huku atacheka, abadilishe chaneli. Sisi wa Kanda ya Ziwa kicheko kinakwama kooni, maana huku ramli si pambo la filamu. Mikoa ya Mwanza na Shinyanga imezika bibi vizee waliokatwa mapanga kwa sababu eti macho yao ni mekundu, wakati kila mtu anajua macho hayo yameiva kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu mganga amesema viungo vyao vinaleta utajiri.

Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliyokaa Kahama ikawahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku tena wapiga ramli. Ukiona kitu kinakatazwa mara mbili, ujue bado kina wateja.

Mtaani kwetu kuna bibi mmoja anabanika samaki. Macho yake unaweza kukisia yakoje. Siku moja watoto walitoka kibanda umiza, filamu imewakolea, wakampitia wakimwita kwa jina la yule mchawi wa kwenye picha. Walikuwa wanacheka tu, watoto hao. Bibi hakucheka. Kesho yake alikuja kuuza samaki amevaa miwani myeusi ya jua, na ilikuwa masika, mawingu yametanda ziwa zima. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Sote tulijua.

Baba Neema nilipomweleza haya akaniambia, "Mama Neema, lakini watu si kweli wanaenda kwa waganga? Filamu ionyeshe nini?" Hoja yake ina uzito. Nami sisemi mganga afutwe kwenye filamu. Mwonyesheni! Ila kwenye filamu zetu mganga huwa hakosei. Beseni lake halidanganyi hata siku moja. Mtoto akiangalia picha kumi za hivyo, anajifunza kwamba njia ya kumjua mbaya wako ni kwenda kuoneshwa. Hebu mwandishi mmoja athubutu kuandika mganga aliyemtaja mtu asiye na kosa, kijiji kikamvamia, halafu muuaji wa kweli akatokea yuko hai anakunywa chai. Hapo nitalia, na nitajifunza.

Tena mkumbuke, Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na inamtia hatiani mtu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Kwa hiyo kwa sheria yetu, wa kwanza kuvalishwa pingu mwisho wa picha alipaswa kuwa mganga mwenyewe!

Na msiniambie Waswahili hatuna mapokeo ya upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la 1957/58 na kutoka kitabu mwaka 1960. Mtu anakutwa amekufa mahali pa mzimu, watu wako tayari kuwasingizia mizimu, Bwana Msa anakataa. Anatafuta binadamu aliyefanya, anauliza maswali, anampata. Baadaye Elvis Musiba akatuletea Willy Gamba, na Ben Mtobwa akatuletea Joram Kiango. Baba zetu waliazimana vitabu hivyo hadi majalada yakatoka. Inakuwaje kalamu ilijua kutafuta ushahidi, kamera ikasahau?

Majirani zetu wameonyesha inawezekana. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, inamfuata Mwas, kijana wa kijijini anayekwenda Nairobi kutafuta uigizaji akaangukia kwa wezi wa vipuri vya magari. Humo hakuna jini wala beseni. Kuna njaa, tamaa, marafiki, na polisi wengine wanaotisha kuliko majambazi. Joseph Wairimu, aliyecheza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Durban mwaka huohuo, na alistahili.

Kuhusu mambo ya huku kwetu, zipo mbili. White Shadow ya Noaz Deshe (2013) ni ya kijana mwenye ualbino aliyeshuhudia baba yake akiuawa, mama akamkimbizia mjini kwa mjomba. Ilipata tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji kule Venice. Si picha ya kuangalia huku unakula. Baba Neema alitoka nje mara mbili, eti anaangalia kuku. Ya pili si ya kuigiza: In the Shadow of the Sun ya Harry Freeland (2012), iliyopigwa kwa sehemu hapa hapa Ukerewe, ikimfuata mwanaharakati Josephat Torner akikaa uso kwa uso na wanakijiji na kuzungumza nao. Lakini zote mbili zimeongozwa na wageni. Za wenyewe ziko wapi?

Nikiwa mtazamaji, ushauri wangu kwa vijana wetu wenye kamera ni huu: anzeni na filamu fupi. Picha zetu ndefu tunazijua. Gari linafika getini, geti linafunguliwa, gari linaegeshwa, mtu anashuka, anapanda ngazi zote, ndipo aseme "Hodi". Filamu fupi haikupi nafasi ya uvivu huo. Watu Wote ya Katja Benrath (2017) ina dakika 22 tu. Inasimulia basi lililoshambuliwa na al-Shabaab karibu na Mandera, Desemba 2015, abiria Waislamu wakakataa kuwasaliti Wakristo. Dakika 22 hizo zilifika hadi kuteuliwa kugombea Oscar. Hapa nyumbani Amil Shivji alitoa Shoeshine mwaka 2013, fupi pia, kwa mng'arisha viatu tu wa Dar es Salaam.

Visa vyenyewe viko mlangoni. Mvuvi anarudi alfajiri anapiga kasia, injini ya boti imeporwa ziwani. Nani alijua atatoka saa ngapi? Fundi gani anauza injini za mkono wa pili? Nani kalewa juzi akaropoka? Na yule shemeji, hela ya sofa mpya kaitoa wapi? Ndani yake weka mapenzi, weka wivu, weka mke anayeficha siri ya mumewe. Dakika 20 zinatosha, na beseni la maji libaki la kunawia mikono.

Nanyi wazazi, mnapoangalia na watoto, mganga akishamtaja mtu, bonyezeni pozi muwaulize: "Ushahidi uko wapi?" Neema wangu ana miaka tisa, siku hizi ananiwahi kuuliza yeye.

Haya, zamu yenu. Niandikieni filamu moja ya Kibongo ambayo muuaji alipatikana kwa akili na ushahidi, nikaitafute. Nikizipata tatu tu, karanga za mwezi ujao ni juu yangu. Muwe na mwezi mwema!